David Lloyd George: Adui wa Malodi Aliyekufa Lodi

Utangulizi

Bunge la Malodi la Uingereza ni mfano mashuhuri wa chumba cha kutunga sheria ambacho wanachama wake hawachaguliwi na wananchi. Kwa karne nyingi, wengi wao waliingia humo kwa kuzaliwa: baba alipofariki, mwanawe wa kiume wa kwanza alirithi cheo pamoja na kiti. Wengine waliteuliwa na mfalme kwa ushauri wa Waziri Mkuu, na maaskofu kadhaa wa Kanisa la Anglikana walikuwa na nafasi zao. Miongoni mwa wanasiasa waliopambana na bunge hilo, hakuna aliyevuma kama David Lloyd George. Ajabu ni kwamba kashfa kubwa zaidi ya uuzaji wa viti vyake ilitokea chini ya serikali yake. Maisha ya kiongozi huyu yanadhihirisha kuwa kuipunguzia taasisi mamlaka ni jambo moja, na kuamua ni nani atakayeshika ufunguo wa mlango wake ni jambo jingine.

Malezi na Chimbuko la Uadui

Lloyd George alizaliwa tarehe 17 Januari 1863 mjini Manchester. Babake, William George, aliyekuwa mwalimu, alifariki mwaka 1864, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Mamake, Elizabeth, alirejea kijijini Llanystumdwy, kaskazini mwa Wales, akapokewa na kakake, Richard Lloyd. Mjomba huyo alikuwa mshona viatu na mhubiri asiyelipwa katika kanisa dogo la Wabaptisti. Ndiye aliyemlea mpwawe na kuhangaika na vitabu vya Kifaransa na Kilatini ili amwandae kwa mitihani ya uwakili. Lugha ya nyumba hiyo ilikuwa Kiwelisi. Kwa sababu hiyo, Lloyd George anakumbukwa kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza ambaye lugha ya mama kwake haikuwa Kiingereza.

Katika mazingira hayo mtoto alijifunza mapema maana ya ardhi. Mashamba mengi yalimilikiwa na koo chache za kikabaila, na wakulima walikuwa wapangaji tu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1868, wakati kura zilikuwa zikipigwa hadharani, baadhi ya wapangaji wa Wales walifukuzwa mashambani kwa kuuchagua upande ambao mwenye ardhi hakuutaka. Hadithi za watu hao zilimkaa moyoni maisha yake yote.

Alihitimu kuwa wakili mwaka 1884. Mwaka 1888 alijipatia sifa kwa kesi ya Llanfrothen, alipoitetea familia iliyozuiwa kumzika mzee wao kwa taratibu za dhehebu lake katika makaburi ya parokia ya Kianglikana. Aliwashauri walifungue lango kwa nguvu, na rufani ikampa ushindi. Aprili 1890 alichaguliwa mbunge wa Caernarfon kwa tiketi ya Chama cha Liberal, akimshinda mpinzani wake kwa kura 18 pekee. Kiti hicho alikishikilia kwa takriban miaka 55.

Bajeti ya Mwaka 1909

Mwaka 1906 Chama cha Liberal kilipata ushindi mkubwa katika Bunge la Chini. Hata hivyo, Bunge la Malodi lilijaa wafuasi wa Chama cha Conservative, nao waliiangusha miswada muhimu ya serikali, ukiwemo ule wa elimu mwaka 1906 na ule wa leseni za pombe mwaka 1908. Hivyo basi, chama kilichoshindwa na wapiga kura kiliendelea kutawala kupitia mlango wa nyuma.

Lloyd George aliteuliwa kuwa Waziri wa Fedha mwaka 1908 katika serikali ya H. H. Asquith. Mwaka huo huo serikali ilipitisha sheria ya pensheni ya wazee, iliyowapa maskini waliotimiza umri wa miaka 70 hadi shilingi 5 kwa wiki. Pensheni hiyo, pamoja na manowari mpya za kivita, ilihitaji fedha. Tarehe 29 Aprili 1909 aliwasilisha bajeti iliyowatoza kodi ya ziada watu wenye kipato kinachozidi pauni 5,000 kwa mwaka, na kodi ya asilimia 20 kwa ongezeko la thamani ya ardhi ambalo mwenyewe hakulitolea jasho. Ili kodi hiyo itozwe, ilibidi ardhi yote ikadiriwe thamani. Hapo ndipo makabaila walipoguswa kwenye donda.

Kwa zaidi ya miaka 200 malodi hawakuwa wamethubutu kuikataa bajeti. Lloyd George alizuru Limehouse, mashariki mwa London, na baadaye Newcastle, akawakejeli kwa ulimi mkali. Aliwachora kama watu mia kadhaa waliookotwa tu kutoka kwa wasio na kazi, kisha wakapewa uwezo wa kuyatengua maamuzi ya mamilioni. Malodi wakapandwa na hamaki. Lodi Milner, aliyewahi kuwa mtawala wa Kiingereza huko Afrika Kusini, aliwahimiza wenzake waikatae bajeti bila kujali matokeo. Tarehe 30 Novemba 1909 waliikataa kwa kura 350 dhidi ya 75.

Ufunguo Watumiwa

Uchaguzi wa Januari 1910 uliirudisha serikali ya Asquith kwa kutegemea wabunge wa Ireland na wa Chama cha Leba, na Aprili bajeti ikapita. Lakini sasa suala halikuwa bajeti tena, bali Bunge la Malodi lenyewe. Baada ya uchaguzi wa pili, Desemba 1910, serikali ilileta mswada wa kulipunguzia bunge hilo mamlaka. Malodi wangekubalije kujikata makucha? Jibu lilikuwa katika uwezo wa uteuzi. Mfalme George V alikuwa ameahidi kwamba, ikibidi, angewateua malodi wapya kwa mamia ili wapinzani wazidiwe kwa wingi.

Tishio hilo lilitosha. Tarehe 10 Agosti 1911 mswada ulipita katika Bunge la Malodi kwa kura 131 dhidi ya 114. Kuanzia hapo, miswada ya fedha haingeweza kucheleweshwa zaidi ya mwezi mmoja, na mingine ingecheleweshwa kwa takriban miaka miwili tu. Muda wa Bunge nao ulipunguzwa kutoka miaka 7 hadi 5. Hata hivyo, hakuna kifungu kilichogusa namna ya kuingia katika bunge hilo. Urithi ulibaki, na uteuzi ukabaki mikononi mwa aliyekuwa na serikali.

Penye Udhia Penyeza Rupia

Dalili kwamba Lloyd George hakuwa mwangalifu katika masuala ya fedha zilionekana mapema. Mwaka 1912 alinunua hisa za kampuni ya Marconi ya Marekani, wakati serikali ilikuwa ikijadiliana na kampuni dada ya Uingereza kuhusu kandarasi. Kamati ya Bunge ilimwondolea lawama mwaka 1913, lakini wanakamati waligawanyika kwa misingi ya vyama.

Desemba 1916, katikati ya vita, alimrithi Asquith na kuwa Waziri Mkuu. Hatua hiyo ilikipasua Chama cha Liberal, naye akajikuta akitawala kwa kuungwa mkono na Conservative, bila chama kamili cha kumchangia fedha. Alihitaji mfuko wake mwenyewe, na vyeo vikawa bidhaa. Ni kweli kwamba serikali zilizotangulia nazo zilikuwa zimewatunuku wafadhili wao. Tofauti ilikuwa wingi wa biashara hiyo, na kwamba fedha ziliingia katika mfuko uliokuwa chini ya kiongozi mwenyewe. Dalali aliyejulikana zaidi alikuwa Maundy Gregory, aliyekuwa na ofisi karibu na majengo ya Bunge. Bei zilizotajwa zilikuwa takriban pauni 10,000 kwa cheo cha Sir, 30,000 au zaidi kwa ubaroneti, na 50,000 au zaidi kwa ulodi.

Mambo yalifika kilele Juni 1922, jina la Joseph Robinson, tajiri wa migodi wa Afrika Kusini, lilipotangazwa miongoni mwa malodi wapya. Mahakama za huko zilikuwa zimeamua kuwa aliwapunja wenye hisa, na rufani yake ilikuwa imetupwa jijini London mwezi Novemba 1921. Malodi wenyewe ndio waliopiga kelele za kwanza, na mfalme akamwandikia Waziri Mkuu kulalamika. Robinson alilazimika kukikataa cheo hicho. Tume ikaundwa kuchunguza utoaji wa vyeo. Pamoja na mgogoro wa Uturuki, kashfa hiyo iliwachosha wabunge wa Conservative, nao wakajiondoa katika muungano tarehe 19 Oktoba 1922. Lloyd George alijiuzulu siku hiyo, na hakushika tena wadhifa wowote serikalini.

Mipaka ya Demokrasia Yake

Wakati wa utawala wake wapo maadui wa zamani waliogeuka washirika. Milner, yule yule aliyechochea bajeti ikataliwe, aliingia katika baraza lake la vita na baadaye akawa Waziri wa Makoloni. Ni katika kipindi chake, mwaka 1920, ambapo himaya ya Afrika Mashariki ilitangazwa kuwa Koloni la Kenya. Mwaka huo walowezi wa Kizungu waliwachagua wawakilishi 11 katika Baraza la Kutunga Sheria, huku Waafrika wakikosa hata mmoja hadi mwaka 1944. Kiongozi wa walowezi, Lodi Delamere, alikuwa mwenye ulodi wa kurithi. Mwaka huo huo wa 1920, serikali ya Lloyd George ilizifuta zile kodi za ardhi zilizozua vita vya 1909.

Hitimisho

Sheria ya kuharamisha uuzaji wa vyeo ilipitishwa mwaka 1925, na Gregory akahukumiwa mwaka 1933. Tarehe 1 Januari 1945 ilitangazwa kuwa Lloyd George, akiwa mgonjwa na mwenye umri wa karibu miaka 82, amepewa cheo cha Earl. Alifariki tarehe 26 Machi mwaka huo kijijini Llanystumdwy kabla hajakikalia kiti chake, akazikwa kando ya Mto Dwyfor. Mwanawe, Richard, akarithi cheo na kiti, kama walivyorithi wana wa malodi aliowakejeli Limehouse.

Mwaka 1999 wengi wa malodi wa kurithi waliondolewa, wakabakizwa 92, na bunge hilo likawa kwa sehemu kubwa la wateule. Hata hivyo, mwaka 2006 polisi walianzisha uchunguzi kuhusu wakopeshaji wa Chama cha Leba waliopendekezwa kuwa malodi, na ingawa mwaka 2007 iliamuliwa kuwa hakuna atakayeshtakiwa, swali lilikuwa lile lile la 1922. Lloyd George aliwanyang'anya malodi fimbo lakini akauweka ufunguo mfukoni mwake. Kila aliyekuja baada yake aliukuta mahali pale pale.