Charles Darwin na Vumbi la Jangwani

Charles Darwin (1809–1882) twamjua kwa nadharia ya mageuko. Hapa tunamtazama kijana wa miaka 22 aliyekuwa safarini. Januari 1832, meli ya Beagle ilipokaribia visiwa vya Cape Verde, aliona vumbi laini la kahawia limenaswa na kitambaa cha kuonyeshea upepo, kileleni mwa mlingoti. Wengi wetu tungalilipangusa, yeye alilihifadhi. Ehrenberg, mtaalamu wa Berlin, alilichungua kwa hadubini akakuta mabaki ya viumbe wadogo, karibu wote wa maji baridi. Mwaka 1846 Darwin, kwa kufuata mwelekeo wa upepo, aliandika kuwa vumbi hilo hutoka Afrika. Leo matope ya sakafu ya bahari hiyo, karibu na Mauritania, yana tabaka lenye vumbi haba: nyakati hizo, hadi yapata miaka 5,500 iliyopita, Sahara ilikuwa na nyasi na maziwa.