Archibald McIndoe

Archibald Hector McIndoe (Dunedin, Nyuzilandi, 4 Mei 1900 – London, Uingereza, 11 Aprili 1960) alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Anajulikana hasa kwa kuwatibu marubani walioungua moto katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Katika Afrika ya Mashariki anakumbukwa kama mmoja wa madaktari watatu walioanzisha AMREF, shirika ambalo mpango wake ulibuniwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Masomo

Baba yake alikuwa na kiwanda cha uchapaji, na mama yake, Mabel Hill, alikuwa mchoraji. McIndoe alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago. Mwaka 1924 alipata ufadhili wa kwenda Mayo Clinic, mjini Rochester, Marekani, hospitali iliyokuwa na mpango wa ubingwa pamoja na Chuo Kikuu cha Minnesota tangu 1915. Katika mpango wa namna hiyo, daktari aliyekwisha kuhitimu hurudi kuwa mwanafunzi: anafanya kazi wodini kila siku chini ya bingwa, na anakabidhiwa wagonjwa wagumu zaidi kadiri mkono wake unavyozoea.

Huko alijifunza upasuaji wa tumbo, na utafiti wake ulihusu ini, mbali kabisa na kazi iliyompatia sifa baadaye. Alipohamia London mwaka 1930 hakupata kazi aliyoitarajia. Aliyemwokoa ni ndugu yake Harold Gillies, mpasuaji aliyekuwa amerekebisha nyuso za askari wa Vita Kuu ya Kwanza. McIndoe, akiwa na miaka 30 na familia ya kulisha, alianza kujifunza upya.

East Grinstead

Vita vilipoanza mwaka 1939 alipelekwa katika Hospitali ya Queen Victoria, katika mji mdogo wa East Grinstead kusini mwa Uingereza. Wagonjwa wake wengi walikuwa vijana walioungua uso na mikono ndani ya ndege. Wakati huo majeraha ya moto yalipakwa asidi ya taniki, ambayo ilikausha kidonda na kufanya gamba gumu. Chini ya gamba hilo vidole vilikakamaa, na kope zilijivuta hata jicho lisiweze kufumba. McIndoe alipinga dawa hiyo. Alikuwa ameona kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri zaidi, akaanza kuwalaza wagonjwa katika maji ya chumvi ya uvuguvugu. Bandeji zilitoka bila kuchuna ngozi, na mgonjwa aliweza kukunja na kukunjua vidole akiwa majini.

Ngozi ilipandikizwa kwa hatua, na mgonjwa mmoja aliweza kufanyiwa upasuaji mara nyingi kwa miaka kadhaa. Kati ya upasuaji mmoja na mwingine hakuachwa alale tu. Alifanya mazoezi ya viungo, alivaa sare yake badala ya nguo za hospitali, na alitoka kwenda mjini, ambako wenyeji waliombwa wasimshangae. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe waliunda Guinea Pig Club, jina linalotokana na simbilisi, mnyama mdogo wa majaribio ya maabara. Mwisho wa vita klabu ilikuwa na wanachama 649. McIndoe alipewa cheo cha Sir mwaka 1947.

Kilimanjaro na AMREF

Baada ya vita wodi zake zikawa mahali pa madaktari vijana kujifunza ubingwa. Wawili kati yao walikuwa Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Kenya, na Tom Rees kutoka Marekani. McIndoe mwenyewe alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika Tanganyika ya wakati huo.

Mwalimu na wanafunzi wake waliyaona Afrika ya Mashariki majeraha yaleyale ya East Grinstead, ila hayakutokana na vita. Mtoto aliyeangukia moto wa jikoni alipona akiwa na kiwiko kilichoshikana au kidevu kilichovutwa hadi kifuani, na bingwa wa kumfungua alikuwa mamia ya kilomita mbali. Hospitali za misheni zilikuwa na vitanda na wauguzi, lakini wapasuaji wa aina hiyo walikuwa wachache mno. Mwaka 1956 watatu hao walipanga kumpeleka bingwa kwa mgonjwa kwa ndege, na mwaka 1957 shirika lilianzishwa rasmi. Umaarufu wa McIndoe ulisaidia kupata wafadhili, lakini kazi ya kila siku ilibebwa na Wood, aliyejifunza kurusha ndege mwenyewe na kuliongoza shirika kwa muda mrefu.

Hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi ilifunguliwa mwaka 1971. Siku hizi madaktari husomea ubingwa hapohapo chini ya mlima, na wataalamu wa tiba ya viungo na wa viungo bandia hufunzwa katika eneo lilelile.

Kifo

McIndoe alifariki usingizini, miaka mitatu tu baada ya AMREF kuanza. Majivu yake yalizikwa katika kanisa la St Clement Danes, London, ambalo ni kanisa la Jeshi la Anga la Uingereza, ingawa yeye alikuwa raia wa kawaida.