XENOPHON, KAMANDA ALIYESHUKA FARASI

Leo nataka kuwasimulia habari za Xenophon, Mgiriki wa kale aliyejua kuongoza watu na farasi pia. Nimemchagua kwa sababu hapa shuleni swali la heshima haliishi. Je, kiranja aogopwe au aheshimiwe?

Xenophon alizaliwa Athens karibu na mwaka wa 430 KK. Ujanani alikuwa mfuasi wa Socrates, yule mwanafalsafa mashuhuri. Mwaka wa 401 KK alifuatana na askari wa kukodiwa wa Kigiriki waliokwenda kumpigania Cyrus, mwanamfalme wa Uajemi, aliyetaka kumpindua ndugu yake Artaxerxes. Vita vikapiganwa Cunaxa, karibu na Babeli, na Cyrus akauawa. Baadaye Waajemi wakawaita makamanda wa Kigiriki kwa mazungumzo. Kumbe ulikuwa mtego! Wakakamatwa na kuuawa. Askari kama elfu kumi wakabaki bila kiongozi, mbali sana na kwao.

Usiku huo Xenophon, ambaye hakuwa na cheo chochote, aliwaamsha wenzake akawatia moyo. Wakamchagua awe mmoja wa makamanda wapya, na safari ndefu ya kurudi ikaanza.

Siku moja walikuwa wakikimbilia kilele cha mlima kabla adui hajakifikia. Xenophon alikuwa juu ya farasi akiwahimiza. Askari mmoja, Soteridas, akalalamika kwamba wao si sawa, kwani mmoja amepanda farasi na mwingine anataabika na ngao. Hebu fikiria, wewe ungefanya nini? Xenophon aliruka chini, akamtoa Soteridas mstarini, akamnyang'anya ngao na kupanda mlima kwa miguu, huku amevaa dirii nzito ya wapanda farasi. Ilikuwa kazi si mchezo! Askari wengine walipoona hivyo walimpiga na kumtukana Soteridas mpaka akaichukua ngao yake. Xenophon akarudi kwa farasi wake, na njia iliposhindikana kwa farasi akamwacha, akaenda tena kwa miguu. Kilele wakakifikia kwanza wao.

Huko Armenia walikuta theluji nyingi, farasi wakazama hadi tumboni. Mkuu wa kijiji kimoja akawafundisha kuwafunga farasi mifuko miguuni. Xenophon hakuona aibu kufundishwa na mwanakijiji. Mwaka wa 400 KK wakafika Bahari Nyeusi.

Mwishoni mwa safari zake, mjini Lampsacus, Xenophon alikuwa amefilisika hata akamwuza farasi wake kwa darika 50, sarafu za dhahabu za Uajemi. Marafiki wawili waliposikia jinsi alivyompenda mnyama huyo, walimnunua wakamrudishia, na wakakataa kulipwa.

Baadaye alifukuzwa Athens, akaishi miaka mingi Scillus, karibu na Olympia, kwenye shamba alilopewa na Wasparta. Ndiye mwandishi wa kitabu kuhusu ufugaji na upandaji wa farasi ambacho kinasomwa hadi leo. Kumbuka kwamba Wagiriki wa wakati ule walipanda farasi bila tandiko la ngozi wala vikuku vya kuwekea miguu, kwa hiyo farasi asiyekuamini angekubwaga chini mara moja.

Humo anafundisha kwamba mtu asimkaribie farasi akiwa na hasira. Farasi akiogopa kitu, asipigwe, maana ataona kuwa kitu kile ndicho kinachomletea maumivu, na hofu itazidi. Afadhali mwenye farasi akiguse kwanza yeye mwenyewe, kisha amsogeze mnyama polepole. Akitii, atuzwe papo hapo. Anasema pia kuwa kinachofanywa kwa kulazimishwa hakina uzuri, kama vile mcheza ngoma anayechapwa mjeledi.

Xenophon alifariki karibu na mwaka wa 354 KK. Nionavyo mimi, maisha yake yote yana somo moja. Kiongozi hugusa kwanza kile ambacho wengine wanakiogopa, na hubeba kwanza kile anachotaka wabebe. Enyi viranja wenzangu, kabla ya kumpigia kelele mtoto wa kidato cha kwanza kwa sababu ya ufagio, ushike ufagio huo wewe kwanza. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.