Friedrich Bergius na Siri ya Jiwe la Chuma

Kutoka Maliba hadi Bwera, watu wa wilaya ya Kasese walilijua rundo la paireti lililosalia baada ya shaba ya Kilembe. Paireti ni jiwe la chuma na kiberiti. Kwa miaka mingi lilihesabiwa taka, hata mwaka 1999 kiwanda kilipoanza kutoa kobalti humo. Lakini jiwe hilo lina kazi nyingine impasayo kila askari kuijua: husaidia kugeuza makaa ya mawe kuwa petroli. Leo twasimulia maisha ya aliyeifungua njia hiyo, hayati Friedrich Bergius.

Bergius alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1884 karibu na Breslau, mji uliokuwa wa Ujerumani na ambao leo ni Wrocław, Poland. Baba yake alimiliki kiwanda cha kemikali, na humo kijana aliianza elimu yake. Mwaka 1913 alipata hati ya uvumbuzi wake. Makaa husagwa, huchanganywa na mafuta mazito, kisha hutiwa haidrojeni kwa shinikizo lipatalo mara 200 la hewa ya kawaida, katika joto la digrii 450 hivi. Makaa yana upungufu wa haidrojeni. Yakilishwa, hugeuka mafuta.

Bergius alitia pia oksaidi ya chuma, akikusudia inase kiberiti kilichomo katika makaa. Baadaye ikabainika kwamba chuma kikishikana na kiberiti huwa kichocheo, huiharakisha kazi yenyewe. Paireti nayo, ikipashwa moto ndani ya haidrojeni, hupoteza sehemu ya kiberiti chake na kuwa kichocheo cha namna hiyo. Dawa ya ugonjwa mmoja ikatibu mwingine.

Gharama zilimlemea. Mwaka 1925 aliiuzia kampuni ya BASF haki zake, na mwaka 1927 mtambo mkubwa wa Leuna ukaanza kazi. Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Carl Bosch.

Kisha vita vikaja. Ujerumani, yenye visima haba, ilirusha ndege zake kwa petroli ya makaa. Katika mtambo wa Blechhammer wafungwa walilazimishwa kufanya kazi, na wengi walikufa. Tarehe 12 Mei 1944 ndege za Marekani ziliipiga Leuna na mitambo mingine. Baada ya miezi michache ndege za Kijerumani zililala chini kwa kukosa mafuta.

Bergius mwenyewe alikuwa amekwisha kuitumia mali yake katika utafiti wa kutoa sukari katika miti. Baada ya vita aliihama nchi yake, akafariki Buenos Aires, Argentina, tarehe 30 Machi 1949.

Ndugu askari, jeshi lisilo na mafuta limekwisha kushindwa. Tena tukumbuke kwamba mvumbuzi hana amri juu ya mkono utakaoutumia uvumbuzi wake. Amri hiyo wanayo wenye madaraka na silaha, na dhamana yake ni yao.