Ludwig Guttmann: daktari mkimbizi aliyesubiri kibali cha kutibu

Je, ulisomea uuguzi, ukunga au udaktari nchini kwenu, na sasa unaishi ukimbizini bila leseni ya kazi? Soma maisha ya Ludwig Guttmann. Alipita njia unayopita wewe.

Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika familia ya Kiyahudi, mji wa Tost, Ujerumani, ambao leo uko Poland. Akiwa kijana alijitolea katika hospitali ya wachimbaji wa makaa ya mawe. Hapo alimwona mchimbaji kijana aliyevunjika uti wa mgongo. Mgonjwa huyo hakuweza kuokolewa, na siku zile wengi waliopooza hivyo walikufa kwa vidonda vya kulala muda mrefu na maambukizi ya mkojo.

Guttmann akawa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu mjini Breslau. Mwaka 1933 Wanazi walipochukua madaraka, alifukuzwa kazi kwa sababu ni Myahudi. Akahamia hospitali ya Wayahudi, akawa mkurugenzi wake.

Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, Wayahudi walishambuliwa nchi nzima. Guttmann aliamuru hospitali impokee kila anayekimbilia pale. Wanaume 64 walilazwa. Asubuhi polisi wa siri walipokuja kuwakamata, aliwaeleza ugonjwa wa kila mmoja. Watu 60 waliokoka.

Machi 1939 alifika Oxford, Uingereza, pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Shirika lililosaidia wasomi wakimbizi liliwapa pauni 250 za kuanzia maisha.

Lakini shahada ya Ujerumani haikutosha kumpa leseni Uingereza. Madaktari wengi wakimbizi walilazimika kurudi darasani na kufanya mitihani ya nchi hiyo. Guttmann, aliyekuwa ameongoza hospitali nzima, alipewa nafasi ya utafiti.

Kilichobadilisha mambo ni vita. Hospitali zilihitaji madaktari, na mwaka 1941 serikali ilianza kuwasajili kwa muda madaktari wa kigeni, wafanye kazi katika hospitali zilizoidhinishwa. Mwaka 1947 sheria mpya iliwafungulia njia ya usajili wa kudumu.

Tarehe 1 Februari 1944 Guttmann alifungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Dawa yake kubwa ilikuwa uuguzi. Wagonjwa waligeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili wasipate vidonda. Baadaye walifundishwa kazi za mikono na michezo. Watu waliokuwa wakisubiri kufa walirudi nyumbani.

Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ya London ilipofunguliwa, alianzisha mashindano ya kurusha mishale kwa wanajeshi wa zamani 16 waliokuwa kwenye viti vya magurudumu. Mashindano hayo yalikua yakawa Michezo ya Paralimpiki, ya kwanza ikiwa Roma mwaka 1960. Mwaka 2021 mjini Tokyo, Parfait Hakizimana, mkimbizi wa Burundi kutoka kambi ya Mahama nchini Rwanda, alishindana katika taekwondo.

Guttmann alipata uraia wa Uingereza mwaka 1945 na akafariki tarehe 18 Machi 1980.

Unaweza kufanya nini leo?

Kumbuka kwamba ujuzi wake haukuongezeka siku aliposajiliwa. Alikuwa nao tangu Breslau. Nchi iliyompokea ndiyo iliyofaidika ilipomfungulia mlango.

Nawe uwe tayari. Tunza cheti cha chuo, orodha ya masomo na alama, na leseni ya nchi yako. Piga picha nakala zote na uzihifadhi pia kwenye simu au barua pepe. Vyeti vya Kifaransa au Kirundi vitafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa. Kisha uliza baraza la wauguzi la nchi unayoishi, iwe Kenya, Tanzania au Uganda, kuhusu masharti yake. Unaweza kutakiwa kufanya mtihani au kazi chini ya usimamizi kwanza. Usitibu watu kwa siri, maana kesi moja inaweza kukufungia mlango huo.

Na wewe mwenyeji, ukijua muuguzi mkimbizi jirani yako, mwelekeze ofisi husika. Huenda siku moja yeye ndiye atakayekuuguza.