Hans Cory, Mkusanyaji wa Ngoma na Mila

Ndugu zangu mliomaliza shuleni petu, nanyi vijana mlio madarasani hivi leo, wengi wetu tuliokulia Usambara tulipita jandoni kabla ya kukaa mbele ya ubao. Hata hivyo ni wachache wanaomjua mtu aliyeyatia mafundisho ya namna hiyo vitabuni. Namwandika hapa kwa sababu kazi yangu serikalini hunikutanisha na maandishi yake mara kwa mara, na kila mara huniachia swali.

Hans Cory alizaliwa Vienna, nchini Austria, mwaka 1888. Jina lake la ukoo lilikuwa Koritschoner. Cory ni jina alilojipa baadaye. Alifika Afrika Mashariki enzi za Mjerumani, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ikapita Tanganyika chini ya Mwingereza. Mapema alivutwa na ngoma. Mwaka 1936, akiwa bado anatumia jina lake la kwanza, alichapisha huko London makala juu ya ngoma ya mashetani, akieleza jinsi waganga wetu wanavyowatibu wenye maradhi ya nafsi. Wazungu wengi wa wakati ule waliziita ngoma hizo kelele na ushenzi. Yeye aliziona kuwa ni tiba, akaziandika hivyo.

Baadaye serikali ya kikoloni ilimwajiri kuwa mtaalamu wake wa mila na desturi. Hapo alipata nafasi ya kuzunguka nchini. Usukumani alichunguza chama cha Bayeye, wachezaji ngoma wanaocheza na nyoka, akanakili michoro waliyoichora kutani. Kitabu cha michoro hiyo kilitoka mwaka 1953. Alikusanya pia mashairi ya Kiswahili, ambayo bila yeye huenda yangekufa pamoja na walioyatunga.

Kazi yake inayotugusa sisi wa milimani ni ile ya sanamu ndogo za udongo zilizotumika jandoni na unyagoni. Alizikusanya kwa Wasambaa, kwa jirani zetu Wazigua na Wanguu, na kwa makabila mengine, na mwaka 1956 akatoa kitabu juu yake. Sanamu huweza kuwa ya mtu, ya mnyama au ya chombo cha nyumbani. Mwalimu huitoa, wimbo wake huimbwa, kisha mwali hufichuliwa maana: namna ya kuishi na mwenzi, kuheshimu wakwe, kulea mtoto, kushika ulimi. Kwa kawaida sanamu hizo hazikutengenezwa zidumu. Ngoma ikiisha, huvunjwa au hutupwa, na mwaka mwingine udongo mwingine hufinyangwa. Kilichodumu ni wimbo na akili ya mwalimu.

Sanamu alizokusanya Cory zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na makaratasi yake yamo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mimi niliyasoma nikiwa mwanafunzi. Ni hazina kubwa. Lakini sanamu iliyo kabatini haina mwalimu, haina mpiga ngoma wala mwali. Ni kama picha ya mchezaji ngoma asiye na jina: waona mwili umesimama, lakini hujui alicheza nini, wala kwa nini.

Jambo hili lilionekana wazi zaidi katika kazi yake ya sheria. Mwaka 1945, pamoja na mwenzake Hartnoll, alichapisha sheria za mila za Wahaya, na mwaka 1953 akatoa za Wasukuma. Baada ya Uhuru alishiriki katika kazi ya kuziunganisha sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Alifariki mwaka 1962. Tamko la sheria hizo likatoka mwaka 1963. Mila ambayo wazee walikuwa wakiipima upya kila shauri lilipoletwa barazani, sasa ilikuwa na vifungu na namba. Katika mirathi, mtoto wa kike aliwekwa daraja la tatu, nyuma ya kaka zake wote. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, huko Mwanza, ililazimika kuamua kwamba kumzuia mwanamke wa Kihaya kuuza ardhi ya ukoo, huku mwanamume akiruhusiwa, ni kinyume cha Katiba. Ilikwisha kupita miaka 27 tangu tamko, na miaka 45 tangu kitabu cha Wahaya.

Je, tumlaumu Cory? La hasha. Aliandika alichoambiwa, na wengi wa waliomwambia walikuwa wazee wa kiume. Kosa ni letu tunaodhani kwamba lililoandikwa limekwisha. Hapa Lushoto pana Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambako maofisa wa mahakama zetu husomeshwa. Yafaa wanaopita pale wakumbuke kuwa nyuma ya kila kifungu cha mila palikuwa na watu waliobishana.

Nanyi vijana, kazi ya kukusanya haijaisha. Bibi zenu wa Mlalo, Bumbuli na Mtae wangali na nyimbo kifuani, na picha za ngoma za zamani zingali ndani ya masanduku. Muulizeni bibi kwanza kama yuko radhi. Siri ya unyago ni mali yake. Akikubali, andikeni nyuma ya kila picha jina la mchezaji, kijiji, mwaka na ngoma yenyewe. Mkikuta wazee wawili wanapingana juu ya maana ya wimbo mmoja, msiwapatanishe. Andikeni maneno ya wote wawili.