Jules Verne, Mtunga Hadithi za Safari

Katika nchi ya Ufaransa kuna mto mkubwa uitwao Loire. Karibu na mahali mto huo unapoingia baharini pamejengwa mji wa Nantes. Ndipo alipozaliwa Jules Verne, tarehe 8 Februari 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, mtu mwenye heshima mjini. Mama yake aliitwa Sophie. Walikuwa na watoto watano, wavulana wawili na wasichana watatu, na Jules ndiye kifungua mimba.

Jules alikua akitazama merikebu za tanga zikiingia bandarini kutoka nchi za mbali. Alisoma katika shule za mapadri, na nje ya masomo alipenda sana hadithi ya Robinson, yule mtu aliyetupwa na bahari katika kisiwa pasipo watu. Ndugu yake Paul alipata ruhusa ya kwenda kufanya kazi ya baharini. Lakini Jules alitakiwa kurithi kazi ya baba yake. Hiyo ilikuwa desturi, na baba hakuona sababu ya kuibadili.

Basi, mwaka 1848 Jules alikwenda kukaa Paris kusoma sheria. Alisoma, akafaulu. Lakini usiku alikuwa akitunga michezo ya kuigiza, na moyo wake ulikuwa huko. Mwaka 1852 baba alimwita arudi Nantes apokee kazi iliyokuwa tayari, yenye mapato mazuri. Jules alikataa. Akabaki Paris, karani katika nyumba ya michezo, mwenye mshahara mdogo. Alianza pia kuandika hadithi fupi katika gazeti la jamaa, na kila alipopata nafasi aliingia katika maktaba kubwa ya Paris kusoma habari za nchi, za nyota, za mashine na za wanyama.

Mwaka 1857 alimwoa Honorine, mjane mwenye mabinti wawili. Sasa alikuwa na watu wa kulisha. Akatafuta kazi katika soko la hisa, mahali ambapo watu hununua na kuuza sehemu za mali za makampuni. Aliamka kabla ya jua, akaandika, kisha akaenda kazini. Mwaka 1861 alizaliwa mwana wao, Michel. Miaka ikapita, na watu wachache tu walilijua jina la Jules Verne.

Mwaka 1862 alichukua karatasi zake, akazipeleka kwa mchapishaji mmoja wa Paris, jina lake Pierre-Jules Hetzel. Hetzel alizisoma, akamwagiza azitengeneze upya. Jules hakukasirika. Alifanya kazi tena, na kitabu kikatoka Januari 1863. Hadithi yake ni ya Waingereza watatu wanaotoka Unguja ndani ya kikapu kilichofungwa chini ya mfuko mkubwa wa gesi, wakapelekwa na upepo juu ya Afrika. Wanapita juu ya Ziwa Viktoria na Ziwa Chad, wakafika mpaka Senegal kwa majuma matano. Wakati ule watu wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya chanzo cha mto Nili, na Bwana Speke alikuwa bado safarini. Kwa hiyo kitabu kilinunuliwa kwa wingi.

Lakini jueni ninyi mnaosoma: Jules Verne hakufika Unguja hata siku moja, wala hakuona Ziwa Viktoria. Alisoma vitabu vya wasafiri, akaandika kama walivyosema wao. Ndiyo maana milima na mito ameieleza vizuri, lakini watu wa Afrika amewaeleza mara nyingi kwa dharau, kama walivyofanya Wazungu wengi wa wakati wake. Hilo ni kosa lililomo ndani ya kitabu, na msomaji mwenye akili hulitambua.

Mwaka 1864 Hetzel alianzisha gazeti la watoto na jamaa, likitoka mara mbili kwa mwezi. Jules alilitungia hadithi. Kila gazeti lilileta sehemu moja tu, na sehemu ilikwisha mahali pa hatari, hata wasomaji wakangoja ijayo kwa hamu. Hadithi ikiisha, ilichapwa katika kitabu cha bei ndogo. Halafu, karibu na mwaka mpya, ilitoka tena katika kitabu kikubwa chenye picha, ambacho wazazi waliwanunulia watoto kuwa zawadi. Hivyo hadithi moja iliuzwa mara tatu.

Kwa mapatano ya mwaka 1865 Jules alipaswa kutoa vitabu vitatu kila mwaka, naye akapewa mshahara wa kila mwezi. Akaacha kazi ya soko la hisa. Baadaye, mwaka 1871, vitabu vilipunguzwa vikawa viwili. Maisha ya nyumbani yalikuwa salama, lakini faida kubwa ya vile vitabu vya picha ilibaki kwa mchapishaji. Tena Hetzel alikuwa na neno katika hadithi zenyewe. Kitabu kimoja juu ya Paris ya siku zijazo alikikataa kabisa. Kilikaa kimefichika, kikachapwa mwaka 1994. Katika hadithi ya nahodha Nemo na merikebu yake iendayo chini ya bahari, Jules alitaka Nemo awe Mpolandi anayewalipiza kisasi Warusi. Hetzel alikataa, maana vitabu vyao viliuzwa sana Urusi. Jules alibisha, kisha akaficha asili ya Nemo. Katika kitabu kingine alimfanya mwana wa mfalme wa Bara Hindi.

Mwaka 1871 jamaa ilihamia Amiens, mji wa kwao Honorine. Mwishoni mwa 1872 gazeti moja la Paris lilichapa siku kwa siku hadithi ya mtu anayeizunguka dunia kwa siku 80. Sifa yake ikaenea kila mahali. Mwaka 1889 mwandishi wa kike wa Marekani, Nellie Bly, alishika njia ili amshinde mtu yule wa hadithi. Alipita Amiens kumsalimu Jules Verne, akamaliza safari yake kwa siku 72.

Lakini sifa haizuii taabu. Michel alikuwa kijana mkaidi, akamhuzunisha baba yake miaka mingi kabla ya kupatana naye. Mwezi wa Machi 1886 mpwa wake, mtoto wa Paul, ambaye akili zilikuwa zimemharibikia, alimpiga risasi mguuni. Tangu siku ile Jules alichechemea. Siku chache baadaye Hetzel akafa, na mwaka uliofuata mama yake. Safari za mashua alizozipenda zikakoma. Hata hivyo hakuacha kalamu. Mwaka 1888 alichaguliwa katika baraza la mji wa Amiens, akautumikia mji miaka mingi.

Alikufa Amiens tarehe 24 Machi 1905, akiwa na miaka 77. Ameacha vitabu zaidi ya 60, na watu wa dunia nzima wanavisoma hata leo kwa lugha nyingi.

Watu husema Jules Verne aliona mambo ya mbele kama mwaguzi. Siyo hivyo. Alisoma kila siku, akaandika katika vikaratasi maelfu yale aliyoyasoma, akaamka saa kumi na moja alfajiri kufanya kazi. Haba na haba hujaza kibaba.

Maulizo
1. Kwa nini baba alitaka Jules arudi Nantes mwaka 1852?
2. Hadithi moja iliuzwaje mara tatu?
3. Kwa nini Hetzel alikataa Nemo awe Mpolandi?
4. Jules Verne alieleza nchi ambazo hakuziona. Jambo hili lilikuwa na faida gani, na hasara gani?